Fundi rangi anakuja kesho, watoto umewaweka wapi?



Ndugu msomaji, ukipita mitaani kwetu tangu Rajabu inapoandama hadi mwisho wa Shaabani utaona ndoo za rangi zimepangwa barazani, ngazi zimeegemezwa ukutani, na mafundi wenye nguo za madoadoa wakivutana bei na wenye nyumba. Ni desturi nzuri. Mwezi mtukufu unakuja, wageni watafuturu kwetu, nyumba nayo ipendeze. Wengine husubiri hadi kumi la mwisho ili Idi ikute harufu ya rangi mpya. Wenye harusi wao hawana msimu; posa ikishakubaliwa tu, ukuta wa sebuleni huonekana mchafu ghafla.

Mimi sina ugomvi na rangi. Ugomvi wangu uko kwenye maandalizi. Nimesikia mara nyingi familia zikijiandaa kumpokea fundi, na mazungumzo ni yale yale: rangi gani, ndoo ngapi, fundi anataka kiasi gani kwa chumba, makochi tuyasogeze wapi. Runinga inafunikwa kwa shuka mbili. Lakini mtoto wa miezi kumi anaachwa anatambaa koridoni juu ya vumbi la msasa, mama mwenye mimba ndiye anayewapikia mafundi chakula cha mchana, na bibi mwenye pumu anaambiwa avumilie, ni siku mbili tu. Ninachosema leo ni kwamba kuiandaa nyumba kwa ajili ya mafundi rangi ni kuwaandaa kwanza watu waliomo, na kwamba kazi hiyo ni ya mwenye nyumba. Fundi amekuja kupaka ukuta. Hajui nani ndani ana mimba, nani ana pumu, wala mtoto gani ana tabia ya kuokota kila kitu na kutia mdomoni. Wewe unajua.

Usiku mmoja nikiwa zamu aliletwa mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi, anakohoa, anapumua haraka haraka, na mdomo unanuka thina. Mafundi walikuwa wamemimina thina kwenye chupa ya soda ili iwe rahisi kusafishia brashi, wakaiacha dirishani walipokwenda kuswali Alasiri. Mtoto anajua chupa ile huwa na nini. Walipomkuta, jirani mmoja akasema apewe maziwa, mwingine akamtia kidole kooni ili atapike. Akatapika, na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, kwa sababu mafuta mepesi ya aina hii hatari yake kubwa haiko tumboni, iko mapafuni. Yanapopanda kwa kutapika, matone machache tu yakikosea njia na kuingia kwenye njia ya hewa yanaunguza mapafu. Mtoto yule alilazwa siku kadhaa akiwa kwenye oksijeni, na alhamdulillahi alitoka mzima. Baba yake hakuacha kumlaumu fundi. Nilimwacha aseme, maana si wakati wa kumsomesha mtu wakati mwanawe anahangaika kupumua, lakini nilijiuliza moyoni: nyumba ni ya nani?

Basi siku unayopatana bei, patana na hili pia. Mwambie fundi kwamba nyumbani kwako thina, tapentaini, petroli na mafuta ya taa havikai kwenye chupa ya soda, chupa ya maji wala kikombe. Vikae kwenye kopo lake lenye mfuniko, mahali pa juu ambapo mtoto hafiki. Kama fundi hana kopo, mpe wewe. Na ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe, usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, na mkimbize kituo cha afya mkiwa mmebeba na kopo lenyewe ili tuone ni kitu gani. Mpeleke hata kama anacheka na kucheza, kwani kikohozi chake kinaweza kuanza baada ya saa kadhaa.

Sasa nizungumzie vumbi, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wengi hawaoni tatizo kabisa.

Nilipokuwa madrasa, kila Shaabani ustadh wetu, Allah amrehemu, alitugawia vipande vya msasa tukakwangua kuta kabla hazijapakwa upya. Ukuta ule ulikuwa na rangi ya mafuta toka chini hadi usawa wa kifua, kama zilivyo koridoni za nyumba nyingi za Kiswahili, na juu rangi ya maji. Tulikwangua kavu kavu, tukapuliza vumbi kwa midomo, tukarushiana, kisha tukakaa palepale kula mihogo kwa mikono ile ile. Ustadh alikuwa na nia njema na sisi tulifurahi kuachiwa masomo kwa siku moja. Nilikuja kusoma utabibu ndipo nikajua tulichokuwa tunacheza nacho.

Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa za kung'aa kama njano, nyekundu na ile ya rangi ya chungwa, zilitiwa madini ya risasi, yale yale yanayotengenezewa risasi za bunduki. Yaliongezwa ili rangi iwe nzito, ikauke upesi na isipauke. Hatari yake si ugunduzi wa jana. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia matumizi ya risasi nyeupe katika upakaji wa rangi wa ndani ya majengo, kwa ajili ya kuwalinda mafundi. Marekani ilipiga marufuku rangi ya majumbani yenye risasi mwaka 1978. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa waliunganisha nguvu ili rangi hiyo iondoke duniani kote, na kiwango wanachozitaka nchi zikiweke katika sheria ni risasi isiyozidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi. Ukienda dukani, uliza na usome kopo kama limeandikwa kwamba halina risasi, na kama muuzaji anakucheka, nenda duka la pili. Lakini kopo jipya hata likiwa salama haliusafishi ukuta uliopakwa na babu yako.

Risasi ikiwa imetulia ukutani chini ya rangi nzima haimdhuru mtu. Inadhuru inapokuwa vumbi. Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa anatambaa chini liliko vumbi, mikono yake iko mdomoni muda wote, na mwili wake hunyonya risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima aliyemeza kiasi kile kile. Humpunguzia damu na humharibia ubongo unaokua: mtoto anakuwa mzito wa kushika masomo, hatulii, anakasirika ovyo. Ikizidi sana humtia degedege. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mjamzito, risasi aliyoivuta miaka ya nyuma hujificha kwenye mifupa na hutoka wakati wa mimba ikamfikia mtoto tumboni. Na tatizo hili halipigi hodi. Hakuna homa wala kipele. Zahanati ya mtaani haipimi risasi kwenye damu, kwa hiyo mtoto huyo atapewa dawa za minyoo na vidonge vya kuongeza damu, na mama yake atalalamika kwa mwalimu kwamba mtoto hashiki herufi.

Kwa macho huwezi kujua ukuta upi una risasi na upi hauna. Kwa hiyo rangi yoyote ya mafuta ya zamani, iwe ya ukuta, milango, madirisha au ile ya kitanda cha chuma, ichukulie kuwa inayo. Kama imeshika vizuri haijabanduka, isikwanguliwe kabisa. Ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke, ipakwe juu yake. Palipobanduka pakwanguliwe pakiwa pamelowa: fundi anyunyize maji, apige msasa wa maji, azidi kulowesha. Kabla ya maji hayo kugusa ukuta wenye soketi na swichi, zima umeme kwenye swichi kuu. Mafundi wengine huibabua rangi kwa moto ili itoke upesi. Kataa, kwa sababu moto huigeuza risasi kuwa moshi unaoingia moja kwa moja mapafuni. Mabaki yakusanywe juu ya turubai au nailoni iliyotandikwa chini ya ukuta, yafungwe kwenye mfuko na kutolewa na taka. Wengi huyamwaga uani ambako kuku wanachakura na mchicha unaota. Jioni usifagie kwa ufagio mkavu. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mara mbili, ubadilishe maji. Fundi akitaka kumbeba mtoto wako kwa upendo, mwambie kwa upole asubiri hadi aoge.

Fundi atakuambia kulowesha kunachelewesha kazi. Ni kweli, kunachelewesha. Muongezee siku moja ya malipo. Ukuta uliogharimu ndoo tatu za rangi unashindwaje na ujira wa siku moja?

Nije kwa watu. Mjamzito, watoto wadogo, mzee na mwenye pumu wahame nyumba siku za kukwangua na siku za rangi ya mafuta, walale kwa shangazi, kwa mjomba au kwa jirani. Undugu wetu si wa kuja kula pilau peke yake. Kama hakuna pa kwenda, rangi ipakwe chumba kimoja kimoja, mlango wa chumba cha kazi ufungwe na upenyo wa chini uzibwe kwa kitambaa kilicholowa, na wao wakae upande wa pili wa nyumba penye hewa. Chumba kilichopakwa rangi ya mafuta kiachwe madirisha wazi mchana kutwa, na kisilalwe hadi harufu iishe, jambo ambalo huchukua siku kadhaa. Rangi ya maji ni nafuu zaidi, ila nafuu hiyo isikufanye ulaze kichanga humo usiku ule ule.

Kuna jambo letu sisi Waislamu ambalo lazima nilisema wazi. Mafundi ni wanaume wa kando, na mwenye nyumba kwa kulinda heshima ya familia yake huwaambia wake na mabinti wakae chumba cha ndani na kufunga mlango. Wanakaa humo kutwa na watoto wachanga, dirisha limefungwa na pazia limeteremshwa, huku mvuke wa thina ukipenya chini ya mlango. Jioni wanatoka vichwa vinauma, wanataka kutapika, na mtoto amelegea. Stara ni wajibu, sibishani na hilo, nimesomeshwa hivyo na ndivyo ninavyowasomesha wanangu. Lakini stara haijapata kumaanisha kumfungia mtu na mvuke. Wahamishe kwa ndugu zao kwa heshima na baki wewe na mafundi. Ukishindwa kupata ruhusa kazini, subiri siku utakayokuwepo. Mwanamke asiachwe peke yake nyumbani na mafundi, na asifungiwe kabati kama sahani za wageni.

Na akina mama, harufu ya rangi haiondolewi kwa udi wala ubani. Chetezo chenye makaa ukikiingiza kwenye chumba chenye mvuke wa thina unaweza kuiwasha nyumba, na hata kama hakikuwaka umeongeza moshi juu ya mvuke kwa yule mwenye pumu. Jiko la mkaa na la gesi vikae mbali, na mvuta sigara akavutie nje ya uzio, au bora aache. Udi subirini hadi rangi ikauke kabisa.

Kuhusu kuhamisha vitu nitasema machache, kwa kuwa hapo hamhitaji mwalimu. Jambo moja tu: kabla hujafunga magunia na maboksi, weka kando mfuko mdogo wenye dawa za kila siku za mzee, dawa ya kuvuta ya mwenye pumu, kadi ya kliniki ya mjamzito na kadi za watoto. Nimewahi kumpokea mzee aliyekosa dawa za presha siku nne kwa sababu zilikuwa ndani ya droo, droo ndani ya kabati, kabati limepangwa nyuma ya makabati mengine stoo. Mtungi na ndoo za maji ya kunywa zifunikwe au zitolewe nje. Misahafu na juzuu zitangulie kutoka, zifungwe kwenye kitambaa safi na kupelekwa kwa jirani. Sakafu nayo mtaifunika, na hapa nina ombi la mwandishi: msitandike gazeti hili. Kuna aya na majina ya Allah ndani yake, na fundi atalikanyaga kutwa nzima. Tumieni nailoni, inazuia na rangi kupenya.

Kama ukuta una unyevu na umeota ukungu, rangi haitautibu. Mtapaka leo, masika yakija ukungu unarudi kwa ndani, na mwenye pumu ndiye atakayekuambia kabla hujauona. Tafuta kwanza maji yanaingilia wapi, bati linavuja au bomba limepasuka, ziba, acha ukuta ukauke, ndipo umwite fundi. Na ndugu zetu wa Unguja na miji ya mwambao wenye nyumba za mawe zinazopakwa chokaa, jihadharini na macho. Chokaa mbichi ikirukia jichoni inaunguza. Oshea palepale maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali. Msikamulie maziwa ya mama jichoni, mnapoteza muda ambao jicho halina.

Nimesema jukumu ni la mwenye nyumba, na ndani ya jukumu hilo yumo fundi mwenyewe. Yeye anakula vumbi hili kila siku na kulipeleka kwa wanawe kwenye nguo zake. Wengi wao huamini kwamba pakiti ya maziwa jioni inasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, mpeni, lakini yanakwenda tumboni, hayafiki mapafuni. Kinachomsaidia ni madirisha yaliyo wazi, kutoka nje kupumzika kila baada ya muda, na barakoa madhubuti ya vumbi wakati wa msasa. Kitambaa cha kawaida puani huzuia chembe kubwa tu, na mvuke wa thina haukizuii hata kidogo. Akisema kichwa kinazunguka, ashuke kwenye ngazi saa ile ile. Kwa sababu hii siipendi kabisa kazi ya rangi ya mafuta mchana wa Ramadhani. Fundi amefunga, hana maji mwilini, yuko juu ya ubao uliowekwa kwenye mapipa mawili, ndani ya chumba cha joto chenye mvuke, na mwenye nyumba anamhimiza Idi imekaribia. Nimeshona watu walioanguka namna hiyo. Maliza kazi yako Shaabani, au ihamishe baada ya Idi. Na ujira wake, tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba apewe kabla jasho halijakauka. Fundi anayezungushwa malipo ndiye huyo huyo anayeharakisha na kukwangua kavu nyumba ya pili ili apate cha kupeleka nyumbani.

Yamebaki mawili madogo. La kwanza ni udhu. Rangi ya mafuta ikigandia mikononi inazuia maji kufika kwenye ngozi, kwa hiyo mafundi, na vijana wa nyumbani waliosaidia, hukimbilia petroli na thina kujisugua kila swala ikiingia. Baada ya wiki wanakuja kwetu ngozi imepasuka na inawasha. Jipake mafuta ya kula, sugua kwa kitambaa hadi rangi ilegee, kisha osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Ukijipaka mafuta kidogo mikononi kabla ya kuanza kazi, rangi haishiki sana.

La pili ni ndoo. Najua kazi ikiisha tu, kila mtu ana jicho kwenye zile ndoo za lita 20, na huwa nashuhudia mashemeji wakinuniana kwa ajili yake. Ndoo ya rangi ya maji iliyooshwa vizuri ni ya kudekia, kufulia na kumwagilia maua. Isiwekwe maji ya kunywa, isiloekwe mchele, isikandiwe unga wa maandazi ya futari. Kopo la rangi ya mafuta lisibaki nyumbani kwa kazi yoyote, na lisichomwe. Litobolewe chini kabla ya kutupwa, maana ukilitupa zima kuna mtu ataliokota akaenda kuchotea maji.

Wassalaam alaykum.